Mfereji mbele ya mlango wa mtu: adabu ya mtembezi katika vijiji vya maji

Na Mwandishi Wetu

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyejaalia kila kilicho hai kitokane na maji, na akawatiishia wanadamu vyombo vya kupanda barani na majini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata nyayo zake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Uislamu haukumfungia mja nyumbani kwake. Katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anawaamrisha watu watembee katika ardhi, watazame namna alivyoanzisha uumbaji. Wanazuoni walisafiri kutafuta elimu, wafanyabiashara walisafiri kutafuta riziki, na Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja huko Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na baadaye akaendelea hata China. Kwa hiyo, anayefunga mizigo yake kwenda kutazama nchi za watu hafanyi jambo la kulaumiwa, iwapo nia yake ni njema na mali anayoitumia ni ya halali. Swali tunalolikusudia leo ni jingine: mtembezi huyo anapofika mahali wanapoishi watu, naye hana shughuli ila kutazama, je, wenyeji wana haki gani juu yake?

Tutalijibu swali hilo kwa mfano wa vijiji viwili vya Uholanzi, katika jimbo la Overijssel. Cha kwanza ni Giethoorn, ambacho sifa zake zimeenea duniani na wageni wamekijaa. Cha pili ni Dwarsgracht, jirani yake wa upande wa magharibi, ambacho bado kimetulia. Tumevichagua kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wengi wa Afrika Mashariki wamesoma na wanaendelea kusoma katika mji wa Enschede, ulio ndani ya jimbo hilohilo, na siku za mapumziko wao na jamaa wanaowatembelea huenda kuangalia vijiji hivyo. Pili, huko njia ya wapita njia ni maji, nayo hupita mbele kabisa ya milango ya watu, kiasi kwamba mpaka kati ya haki ya mpitaji na haki ya mwenye nyumba unaonekana waziwazi.

KIJIJI KILICHOCHIMBWA KWA MIKONO

Anayezitazama picha za Giethoorn hudhani kwamba mifereji yake ilichimbwa kwa ajili ya urembo. Sivyo. Nchi ile ilikuwa kinamasi, na chini ya kinamasi kulikuwa na udongo mweusi uliotokana na majani yaliyooza kwa karne nyingi. Wakazi wa zamani waliuchimba udongo huo, wakauanika kwenye matuta membamba ya ardhi, kisha wakauuza uchomwe majumbani badala ya kuni. Mifereji ilichimbwa ili mashua zipate kupita na shehena hiyo. Palipochimbwa pakabaki mashimo ya maji, na pale matuta yalipoachwa membamba mno, upepo na mawimbi vikayala hata mashimo yakaungana yakawa maziwa.

Watu walilipa gharama ya uchimbaji huo. Jirani na Giethoorn palikuwa na kijiji kilichoitwa Beulake. Dhoruba za mwaka 1775 na 1776 zilikivamia, na ardhi iliyokwisha kudhoofishwa na uchimbaji haikuweza kuyazuia maji. Leo mahali pale ni ziwa, nalo limebaki na jina la kijiji: Beulakerwijde. Hata jina la Giethoorn lenyewe, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, latokana na pembe za mbuzi ambazo wachimbaji wa kwanza walizikuta ardhini, za wanyama waliodhaniwa kufa katika gharika kubwa ya karne ya 12.

Basi nyumba zile za paa la matete, kila moja juu ya kisiwa chake na daraja lake la mbao, ni urithi wa watu waliotaabika. Hata umbo lake lina maelezo. Sehemu ya nyuma, iliyokuwa ghala, imeinuka juu kuliko sehemu ya kuishi, na Waholanzi hulifananisha paa hilo na mgongo wa ngamia. Ardhi ilikuwa haba, mkulima hakuwa na mahali pa kupanua ghala lake, akalijenga kwenda juu ili apate pa kuhifadhi nyasi za mifugo. Ng'ombe walivushwa kwa mashua, mavuno yaliletwa kwa mashua, na bibi harusi na jeneza vilisafirishwa kwa mashua. Chombo chao cha asili ni mashua nyembamba yenye chini bapa, inayosukumwa kwa upondo kama wafanyavyo wavuvi wetu wa pwani.

Mwenyezi Mungu anatutaka tutazame tuzingatie. Anayefika pale akaondoka na picha pekee, bila kuuliza watu hawa waliishije na kwa nini maji yapo pale yalipo, ameuacha utajiri mkubwa zaidi wa safari yake.

JINSI UMATI ULIVYOKUJA

Mwaka 1958 mwongozaji wa filamu wa Kiholanzi, Bert Haanstra, alitoa filamu ya kuchekesha iitwayo Fanfare, aliyoipiga katika kijiji hicho. Waholanzi wengi waliiona, wakataka kukiona kijiji chenyewe. Baadaye wakaja watu wa nchi za jirani, na katika miaka ya karibuni wakaongezeka sana wageni kutoka China na sehemu nyingine za Asia. Wakazi wa Giethoorn hawafiki 3,000. Wageni, kwa makadirio ya kawaida, hufikia milioni moja kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kila mkazi mmoja, mtoto na mzee, anatembelewa na watu zaidi ya 300.

Sehemu ya zamani ya kijiji haina barabara ya magari. Kuna mifereji, na kandokando yake vijia vya waendao kwa miguu na baiskeli. Mgeni hukodi boti ndogo yenye mota ya umeme, akaiongoza mwenyewe ingawa huenda hajawahi kushika usukani wa chombo chochote cha majini. Adhuhuri ya siku ya jua, mwezi wa Julai au Agosti, boti hufuatana kama shanga, zikigongana, zikigonga kingo, na nyingine zikikwama mkingamo hata zikazuia mfereji mzima. Watu huitana kwa sauti kutoka boti hadi boti. Wengine huvuka madaraja ya nyumba za watu wakidhani ni ya umma, wakakaa kwenye majani ya bustani wakala chakula chao, au wakasogea dirishani wakapiga picha za ndani.

Ndugu msomaji, hao si watu wabaya. Wengi wao wangeona haya kufanya hivyo katika mtaa wao. Lakini mtu akiwa mbali na kwao huweza kusahau kwamba mahali alipo ni kwao na mtu mwingine. Kijiji humfanania na onyesho, na mwanamke anayeanika nguo uani mwake humfanania na sehemu ya onyesho hilo.

MFEREJI NI NJIA, NA NJIA INA HAKI

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Said Al-Khudri (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha masahaba wasikae njiani. Walipoeleza kwamba hawana budi, kwa kuwa hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwaambia kwamba ikiwa hapana budi basi waipe njia haki yake. Nao walipouliza haki ya njia ni ipi, aliwatajia: kuinamisha macho, kujizuia kuudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Tukizipima haki hizo katika mfereji wa Giethoorn, tutaona kwamba zinaingia zote.

Ya kwanza ni macho. Ni desturi ya Waholanzi wengi kuacha mapazia ya sebule wazi mchana, na madirisha yao ni makubwa. Mtu aweza kusema: wao wenyewe wameacha wazi, kosa langu nini? Jibu tunalipata katika Hadithi ya Sahl bin Sa'd (R.A.). Mtu mmoja alichungulia kupitia tundu katika chumba cha Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa na kitana mkononi anajikuna nacho kichwa. Mtume alimkemea vikali, akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Tundu lile lilikuwapo, na kuwapo kwake hakukumhalalishia mchunguliaji kuchungulia. Dirisha lililo wazi ni kwa ajili ya mwanga wa mwenye nyumba. Na ikiwa jicho limekatazwa, basi kamera, ambayo hulihifadhi lile lililoonekana na kulieneza kwa maelfu ya watu kupitia simu, ina jambo zito zaidi.

Ya pili ni kujizuia kuudhi. Maji ya vijiji vile hayana kina kirefu, sehemu nyingi ni kama mita moja tu, na kinachotupwa humo hakiendi mbali. Abu Daud amepokea Hadithi ya Mu'adh (R.A.) inayotahadharisha mambo matatu yaletayo laana: kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, katikati ya njia na kivulini. Maji, njia na kivuli ni vitu ambavyo watu wote wanavihitaji, na anayevichafua humdhuru hata asiyemjua. Katika kijiji cha mifereji, maji na njia ni kitu kimoja, kwa hiyo chupa au mfuko wa plastiki unaotupwa humo huvunja haki mbili kwa mkupuo mmoja. Tena tumefundishwa kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni tanzu ya imani. Muislamu akiikuta takataka ya mwingine inaelea, na aiokote.

Ya tatu ni salamu. Wenyeji wa vijiji husalimiana wanapopishana, hata kwa kuinua mkono tu. Mgeni anayepita uso umeelekea kwenye simu, bila hata kumtazama mzee aliyeketi kibarazani kwake, amempita kana kwamba ni mti. Ya nne, kuamrisha mema na kukataza mabaya, huanzia ndani ya boti yetu wenyewe: baba awazuie watoto wake kupiga kelele, na kijana amkumbushe mwenzake kwa upole asivuke daraja la mtu.

SAUTI ZA WAPITAO

Waholanzi huziita zile boti za umeme kwa jina ambalo maana yake ni boti za mnong'ono, kwa kuwa mota zake hazingurumi. Ajabu ni kwamba chombo kimefundishwa kunong'ona, na aliyemo ndani yake anapaza sauti.

Luqman mwenye hekima, alipomuusia mwanawe kama ilivyoelezwa katika sura yenye jina lake, aya ya 19, alimwambia ashike mwendo wa wastani na ateremshe sauti yake, akataja kwamba sauti ya kuchukiza mno ni ya punda. Usia huo umekusanya mambo mawili ambayo mtembezi wa majini anayahitaji kuliko yote: mwendo na sauti. Boti ikienda kasi, mawimbi yake humomonyoa kingo za visiwa vya watu, nasi tumeona yaliyokipata kijiji cha Beulake. Sauti nayo husafiri juu ya maji kuliko juu ya nchi kavu. Neno linalosemwa katikati ya mfereji husikika kitandani kwa mgonjwa.

DARAJA NI KIZINGITI

Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi, kwani hilo ni safi zaidi kwao. Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba ruhusa huombwa mara tatu, na asiyeruhusiwa aondoke. Aya inayofuata, ya 29, inatoa nafasi katika majengo yasiyokaliwa na watu ambayo ndani yake mna manufaa kwa wanaoingia, na wafasiri wameyataja humo maduka na nyumba za wasafiri.

Mgawanyo huo unamtosha mtembezi wa Giethoorn. Mkahawa ni wa kila mteja, ingawa Muislamu atachunguza kinachouzwa humo, maana migahawa mingi ya kandokando ya maji huuza pombe. Anayetaka kuona nyumba ya kale ilivyo ndani, ipo makumbusho iitwayo 't Olde Maat Uus, iliyowekwa katika nyumba ya zamani ya mkulima, nayo imefunguliwa kwa ajili hiyo. Lakini mengi ya madaraja yale mafupi ya mbao, ambayo jumla yake kijijini yazidi 170, ni mali ya wenye nyumba. Daraja la namna hiyo ndilo kizingiti cha nyumba, na kulikanyaga bila idhini ni kuingia uani mwa mtu.

Hapa pana suala la ibada ambalo wasafiri wetu huliuliza. Anayetoka Amsterdam kwenda Giethoorn husafiri kama kilomita 120, na umbali huo unazidi ule ambao wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafii wanaukadiria kuwa kama kilomita 81 kwa ajili ya kupunguza Swala. Ataswali wapi? Ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia kwa umma huu, hiyo ni neema ya Mola wetu. Hata hivyo, neema hiyo haifuti haki ya mwenye ardhi. Wanazuoni wamezungumzia Swala ya mtu katika ardhi aliyoitwaa bila haki: wengi wao wamesema inasihi lakini mwenyewe ana dhambi, na kauli mashuhuri katika madhehebu ya Hanbali ni kwamba haisihi kabisa. Basi mtu asione kwamba kwa kuwa anataka kumwabudu Mola wake, bustani ya jirani wa mfereji imekuwa msikiti wake. Aswali mahali pa umma pasipozuia wapitao, au aombe ruhusa. Wakati haubani sana, kwani mwezi wa Juni jua la huko huzama kama saa nne za usiku, na kati ya Adhuhuri na Magharibi pana nafasi kubwa. Tena anayeomba ruhusa kwa adabu, akaeleza anachotaka kufanya, huenda akawa ameitambulisha dini yake vizuri kuliko hotuba.

KUKIMBILIA KIJIJI CHENYE UTULIVU

Wako watembezi wanaojiona wameelewa tatizo. Husema: Giethoorn pamejaa, twendeni Dwarsgracht. Na kwa hakika Dwarsgracht ni pazuri. Jina lake maana yake ni mfereji wa kukingama. Ni kijiji kidogo cha nyumba zilizojipanga kandokando ya mfereji, zenye mapaa ya matete na madaraja ya mbao, na boti ya kukodi kutoka Giethoorn hufika huko bila taabu. Kandokando yake ni hifadhi ya taifa ya Weerribben-Wieden, yenye vinamasi na maziwa ya ukubwa wa takribani hekta 10,000. Humo fisi maji, ambao walikuwa wametoweka nchini Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1980, walirudishwa mwaka 2002, na wanaishi mpaka leo. Mnyama huyo hutaka maji safi na mahali pasipo ghasia.

Si vibaya kwenda Dwarsgracht. Lakini mtu ajiulize anapeleka nini huko. Utulivu wa kijiji kile haukutengenezwa kwa ajili ya wageni. Ni maisha ya watu wachache wanaojuana, na upo kwa sababu hatujafika kwa wingi. Anayekimbia umati huku yeye mwenyewe akiwa na tabia za umati, ameuchukua umati mgongoni akauhamishia kwa jirani. Kisha hupiga picha, akaandika kwamba amegundua mahali ambapo bado hapajajulikana, na kesho wanamfuata mia. Giethoorn nayo, kabla ya mwaka 1958, ilikuwa mahali pa namna hiyo.

Kwa ajili hiyo tunasema kwamba utulivu wa mahali ni amana. Mgeni hukabidhiwa kwa saa chache, naye anapaswa kuurudisha kama alivyoukuta.

HOJA YA KWAMBA AMELIPA

Huenda msomaji akapinga: wageni wanaleta fedha, na wakazi wengi wa Giethoorn wanaishi kwa kukodisha boti, kuuza chakula na kulaza wasafiri. Wakizuiliwa, wenyeji watakula nini? Hoja hii ina ukweli, nasi hatuwahimizi watu wasisafiri. Lakini aliyelipa amelipa kodi ya boti kwa mwenye boti. Hakumlipa mama wa nyumba ya tatu kwa ajili ya dirisha lake, wala hakumlipa mtoto kwa ajili ya usingizi wake. Na hata pale ambapo mwenyeji ananufaika, sheria yetu imeweka mpaka. Katika Hadithi ya Abu Shurayh (R.A.), Mtume (S.A.W.), baada ya kuhimiza ukarimu na kuutaja kuwa ni siku tatu, alibainisha kwamba si halali kwa mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka akamtia dhiki. Ikiwa huyo ni mgeni aliyekaribishwa, seuze asiyekaribishwa.

Mji wa Venice, nchini Italia, ambao Giethoorn hufananishwa nao, ulifikia hatua ya kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku maalumu kuanzia Aprili 2024. Tozo huweza kupunguza idadi. Haiwezi kumfundisha mtu kuinamisha macho.

NASI TUNAYAJUA HAYA

Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa sana. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu ukafuata mwaka 2001, na tangu hapo vichochoro vyao vimezidi kupitiwa na wageni. Wakazi wanayajua machungu ya mtu kupita mbele ya msikiti akiwa nusu uchi, au kumpiga picha mama aliyeketi barazani bila kumwomba. Tumeyalalamikia hayo, na tumekuwa na haki ya kulalamika. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakamiliki imani ya mmoja wetu mpaka ampendelee mwenzake lile analolipendelea nafsi yake, na wako wanazuoni walioeleza kwamba kheri hiyo humwenea kila binadamu. Basi stara tunayoidai katika vichochoro vya Lamu, na tuitoe katika mifereji ya Overijssel. Muislamu anayejua uchungu wa kuchunguliwa anapaswa kuwa wa mwisho kuchungulia.

Kwa muhtasari, anayekusudia kuvitembelea vijiji hivyo, au vingine mfano wake popote duniani, na azingatie haya. Aende asubuhi au nje ya miezi ya msongamano akiweza. Akipanda chombo, asome dua ya kupanda iliyofundishwa katika Sura ya Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14, ambayo inamkumbusha mpandaji kwamba kwa Mola wake atarejea. Aende polepole na awape nafasi wenyeji, kwani wao wana kazi na yeye ana matembezi. Asivuke daraja bila kujua ni la nani, asipige picha ya mtu wala ya ndani ya nyumba bila idhini, na arudi na taka zake. Asalimie. Na akishamaliza haja yake aondoke, kwani Mtume (S.A.W.) amemhimiza msafiri aharakishe kurejea kwa watu wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu kuwa za mazingatio, atusitiri sisi na watu tunaopita mbele ya milango yao, na aturudishe majumbani kwetu salama. Wallahu a'lam.